Kadi ya kahawa ilikuwa na jina moja tu

Kila Desemba sisi watu wa Kilimanjaro tukipanda nyumbani kuna stori moja lazima irudiwe, kata ya mbege ikishaanza kuzunguka tu inaanza, kwamba babu alilima kahawa, kahawa ikaezeka nyumba ya bati, kahawa ikasomesha watoto, na ndo maana leo tuko hapa tulipo. Naipenda hiyo stori na sio uongo. Ila nimekaa nayo muda mrefu sasa na kila nikiisikia naona kuna watu wameachwa nje, afu sio mmoja wala wawili, ni karibu nyumba nzima ukimtoa babu mwenyewe.

Nazungumzia zile familia za wakulima za kati ya vita mbili, tuseme kuanzia 1919 hadi 1939, watoto waliozaliwa baada ya Mjerumani kuondoka na wakawa wakubwa wakubwa hivi Hitler alipoanza fujo zake. Bibi yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Cheti chake cha ubatizo kinasema 1926, alizaliwa upande wa Kilema, mtoto wa pili kwao na binti wa kwanza, na alifariki 2011 akili yake ikiwa nzima kabisa. Mengi nitakayosema hapa nimeyasoma, lakini yeye ndo aliyenifanya niyasome vizuri, maana kila nilipokuja na stori ya chama na bei na viongozi alikuwa ananiuliza swali moja tu, "na majani ya ng'ombe nani alikata?"

Tuanzie mwanzo. Machi 1916 jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Smuts liliingia Moshi, Wajerumani wakarudi nyuma kuelekea kusini, na vita vyenyewe havikuisha mpaka Novemba 1918 kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, aliposalimu amri kule Abercorn, ambako leo panaitwa Mbala, Zambia. Pande zote mbili zilizoa wanaume wakabebe mizigo, na wengi hawakufa kwa risasi, walikufa kwa njaa na kuhara na homa. Jina la Kariakoo pale Dar mpaka leo ni kumbukumbu ya hao wapagazi. Afu ikaja ile homa kubwa ya mafua ya 1918. Kule Ugogo hali ilikuwa mbaya zaidi, majeshi yalichukua ng'ombe na nafaka, mvua zikakata, ikaja njaa ya Mtunya ambayo watu wa Dodoma wanaikumbuka hadi kesho. Mlimani kwetu watu waliteseka pia ila kulikuwa na migomba na kulikuwa na mifongo, ile mifereji ya maji inayotoka juu msituni kupita kwenye vihamba, yale maeneo ya nyumba na migomba ya kila familia, kwa hiyo chakula hakikukatika kama kwa wenzetu. Nasema hivi kwa sababu watoto waliozaliwa miaka ya 20 hawakuzaliwa kwenye amani ya kawaida, walizaliwa kwa wazazi waliokuwa wametoka kuona watu wakipotea. Mtu wa hivyo akipata kitu cha kumshika pale nyumbani asiondoke tena, anakishika kwa mikono miwili.

Na hicho kitu kilikuwa kahawa.

Kahawa yenyewe haikuletwa na Mwingereza, mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa nayo Kilema tangu mwisho wa karne ya 19 na enzi za Mjerumani tayari kuna mamangi, yaani machifu wa Kichagga, na watu wachache waliopanda. Ila kusambaa hadi kwa mtu wa kawaida ni baada ya vita. Charles Dundas alikuja Moshi kama afisa wa serikali ya Mwingereza miaka hiyo na alihimiza watu wapande, hilo apewe haki yake. Lakini himizo peke yake halipandishi mche. Kilichosukuma watu ni kodi. Sheria ya kodi ya kibanda na kichwa ya 1922 ilitaka hela taslimu, na hela yenyewe ndo kwanza ilikuwa imebadilishwa, rupia ya Mjerumani imekufa, shilingi ya Afrika Mashariki imeingia. Baba wa familia alikuwa na njia mbili za kuipata hiyo shilingi, ashuke akafanye kibarua kwenye shamba la setla wa kizungu huko chini, au awe na kitu cha kuuza kinachotoka kwake. Kahawa ilimwezesha kulipa kodi bila kutoka nyumbani. Kwa mtu aliyeona wenzake wakichukuliwa kwenye upagazi wasirudi, hiyo haikuwa biashara tu, ilikuwa ni usalama wa roho yake.

Ndo maana mimi simlaumu babu wa babu yangu hata kidogo, na naomba mtu asije kunisoma vibaya hapo.

Angalia jirani zetu Kenya upate picha. Kule Kiambu na Murang'a ardhi inafaa kahawa ya arabika kama ya kwetu tu, lakini Mwafrika hakuruhusiwa kuilima, masetla walizuia, mpaka katikati ya miaka ya 30 ndo serikali ikaanza kuruhusu kwa majaribio sehemu chache kama Meru, Embu na Kisii. Kwa hiyo mtoto wa Kikuyu wa umri wa bibi yangu aliifahamu kahawa vizuri sana, aliichuma, ila aliichuma kwenye shamba la mtu mwingine huku baba yake amening'iniza kipande, kile kitambulisho cha kazi, shingoni. Masetla wa Moshi nao walitaka hivyohivyo, walisema Wachagga watashindwa kutunza miti na magonjwa yatasambaa kwao, na kingine ambacho hawakukisema kwa sauti kubwa ni kwamba mtu mwenye kahawa yake haji kuomba kibarua. Wakulima wakajibu kwa kujipanga. Mwaka 1925 wakaunda KNPA, chama cha Wachagga waliolima kahawa, mwenyekiti wao wa kwanza akiwa Joseph Merinyo, wakanunua mabomba ya kupulizia dawa, wakapambana na wadudu wale wa antestia, wakaanza kuuza kwa pamoja. Baadaye ikatoka sheria ya vyama vya ushirika ya 1932, na 1933 KNPA ikageuka kuwa KNCU, chama cha ushirika. Watu walipigania hiki kitu kweli, na wakashinda mahali ambapo wenzao wa Kenya walikuwa wameshazuiwa.

Sasa njoo ndani ya nyumba.

Kihamba cha Kilimanjaro usikichukulie kama shamba. Ni nyumba, ni migomba, ni ng'ombe, ni makaburi, vyote pamoja, vimezungushiwa mmea wa isale kama mpaka. Vihamba viko kwenye ule mkanda wa mlima wa kati ya mita 900 na 1,800 hivi, na ng'ombe hawachungwi, wanafungiwa ndani kabisa, nyumba za zamani walilala humohumo na watu. Ng'ombe akiwa ndani maana yake majani yamfuate. Ng'ombe mdogo wa kienyeji wa kilo 250 anakula kama kilo 25 za majani mabichi kwa siku, familia ikiwa na wawili ni kilo 50, kila siku ya Mungu, Jumapili na Krismasi zimo. Majani hayo yapo wapi? Yapo tambarare huko chini, saa moja au mbili kwa mguu, na ukishayakata unapanda nayo mlima. Mzigo wa majani ni mzigo wa mwanamke, ndo ilivyokuwa, na binti alianza kuubeba mdogo mdogo akiwa na miaka saba au nane, mzigo unakua pamoja naye.

Bibi alikuwa na sehemu utosini ambapo nywele hazikuota. Nikiwa mdogo nilidhani ni ugonjwa. Alinionyesha mwenyewe jinsi ya kutengeneza ngata kwa magamba makavu ya mgomba, unayakunja, unayazungusha, unayabana, afu unaiweka palepale utosini, na kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye ule upara bila kuutafuta. Alikuwa anatoka alfajiri na mama yake, mundu mkononi, wanarudi jua limeshapanda, anameza mtori wa jana, anatoa samadi zizini anaipeleka kwenye migomba. Hapo siku ndo kwanza inaanza.

Na hiyo samadi ndo nataka uitazame. Kwa sababu kahawa ilipandwa chini ya kivuli cha migomba ileile, na kilichoilisha ni ile samadi, na samadi ilitokana na yale majani, na majani yalipanda mlima kwenye utosi wa watoto wa kike na mama zao. Watu wa siku hizi wakisifia kilimo cha Kilimanjaro wanasema mfumo ule ulikuwa wa ajabu, haukuchosha udongo, kila kitu kinarudi shambani. Kweli kabisa. Ila mfumo ulikuwa na injini, na injini ilikuwa na miaka tisa.

Afu ongeza kahawa yenyewe. Arabika haiivi kwa pamoja, unarudi mti uleule mara tatu nne, unachagua nyekundu unaacha kijani. Ukitaka gunia moja la kilo 60 la kahawa safi lazima uchume zaidi ya kilo 300 za matunda, moja moja kwa vidole. Matawi ya chini yalikuwa ya watoto, hiyo kila mzee atakwambia. Yakishachumwa yanamenywa siku hiyohiyo, yanavundikwa, yanaoshwa mpaka ute wote utoke, na maji yanatoka kwenye mfongo, na mfongo una zamu, ukikosa zamu yako unasubiri. Mfongo wenyewe una mzee wake, meni mfongo, na siku ya kuuzibua kila nyumba itoe mtu, usipotoa unapigwa faini. Baada ya kuosha unaanika, na kuanika ndo kazi iliyomtesa bibi zaidi ya zote kwa sababu Kilimanjaro mvua inakuja bila hodi, mtoto anakaa pembeni ya jamvi anaangalia mawingu, tone la kwanza likianguka anakusanya kila kitu anakimbilia ndani, jua likitoka anatandaza tena, hivyo hivyo siku nane au kumi. Kahawa ikinyeshewa inaharibika na ukubwa wa kosa unaujua ukiwa bado umeikumbatia. Alikuwa anachukua konzi moja anaitikisa karibu na sikio, ikilia kavu kama changarawe imeiva, ikilia nzito bado. Hiyo hesabu ya sikio aliifanya mpaka uzeeni, nimemwona.

Ikishakauka inabebwa kwenda chamani, inapimwa, inaandikwa kwenye kadi. Na inaandikwa kwa jina la nani? La baba. Mwanachama ni baba, malipo ya awali anachukua baba, malipo ya pili yakitoka anaitwa baba. Hakuna mahali kwenye kumbukumbu zote hizo ambapo utaona kwamba gunia hili limebebwa na utosi wa mtoto fulani.

Najua kuna mtu ameshaanza kunijibu. Atasema mila zilikuwa hivyo kabla hata kahawa haijaja, ardhi ni ya ukoo wa kiume, usimsingizie kahawa. Ni hoja nzuri na inanibidi niijibu vizuri maana humo ndo kwenye kiini cha ninachotaka kusema.

Ni kweli mila zilikuwepo. Kihamba kilienda kwa watoto wa kiume, kwa kawaida wa kwanza alianzishiwa chake mapema, wa mwisho alibaki na kihamba cha baba, na wa katikati walitafutiwa kwingine, mangi anaombwa, kunakatwa eneo jipya. Wanawake walikuwa na mamlaka yao, ndizi za chakula, maziwa, soko, na yale mashamba ya chini ya ulezi na mahindi na maharage ambayo yaligawiwa kwa msimu na mwanamke ndo aliyejua nini kipandwe wapi. Nani akate mkungu upi na upelekwe wapi, babu hakuthubutu kuingilia, bibi alikuwa anaongea hili kwa fahari kabisa. Sasa mfumo wa aina hiyo unaweza kuwa na ubaguzi na bado watu wakaishi, kwa sababu mbili, kwanza kuna nafasi ya kuhamia, pili kilichopo kwenye kihamba ni chakula, na chakula kinaliwa na wote.

Kahawa ilivunja zote mbili. Mche wa kahawa unakaa miaka 3 ndo uanze kuzaa afu unaishi umri wa mtu, kwa hiyo ukiupanda umesema kwamba ardhi hii hairudi tena kwenye mgao. Kila aliyekuwa na kipande kitupu alikijaza. Wageni na vijana waliozoea kukatiwa eneo juu wakakuta limejaa, wakigeuka chini wanakuta mashamba ya masetla, ardhi ambayo Mjerumani aliitoa na Mwingereza akaiuza kwa wengine, na misheni nazo zina maeneo yao makubwa, wakigeuka juu kuna msitu wa hifadhi. Mlima ukawa umebanwa juu na chini ndani ya hiyo miaka 20. Na kile kilichokuwa chakula cha wote kikawa na pembeni yake kitu ambacho hakiliwi, kinageuka noti, na noti ina mfuko inamoingia. Ubaguzi wa mila ulikuwepo, sawa, lakini kahawa iliuwekea thamani ya shilingi na ikaufunga usiweze kulegea tena.

Na mtoto wa katikati usimsahau, maana huyu hata bibi alimhurumia. Babu yangu alikuwa wa mwisho kwao, akabaki na kihamba. Kaka yake wa katikati alifanya kazi zilezile, alichimba mashimo ya kahawa na baba yao, alioshea kwenye mfongo uleule, na muda ulipofika hakukuwa na cha kumpa zaidi ya kipande kidogo cha chini ambacho hakina maji. Akaondoka. Akaenda Tanga kwenye mkonge, 1940 akaingia keya, jeshi la Mwingereza la KAR, akarudi, akaondoka tena, na ukoo wake leo uko huko huko na tunakutana kwenye misiba tu. Stori yetu ya Desemba inamtaja kama "yule babu aliyependa kusafiri".

Hapo kwenye bei napo kuna jambo. Watoto hawa hawakujua Brazil ni wapi lakini Brazil ilikuwa inawapangia maisha. Baada ya 1929 bei ya kahawa duniani ilianguka vibaya, Brazil kuanzia 1931 ikaanza kuchoma kahawa yake ili bei isizidi kuzama, mpaka inamaliza 1944 ilikuwa imeteketeza magunia kama milioni 78. Huku Tanganyika serikali kwa kukosa mapato ikawa inahimiza wakulima walime zaidi, yaani bei imeshuka, kodi ipo palepale, kwa hiyo toa magunia mengi zaidi kupata shilingi ileile. Na nzige nao wakaja mwanzoni mwa miaka ya 30. Mlimani hasira zikapanda, watu wakalazimishwa kuuza kupitia KNCU pekee huku malipo hayaridhishi, na 1937 kukawa na ghasia, maghala ya kahawa yakashambuliwa. Mwaka huohuo Bukoba nako wakulima walikuwa wanagombana na serikali kuhusu kanuni za kahawa. Vitabu vinaeleza haya vizuri, nani alimpinga nani, mangi gani alikuwa upande gani.

Ila "toa zaidi" ukiipeleka ndani ya kihamba inamaanisha nini? Baba hawezi kuajiri mtu, hela hana. Ardhi haiongezeki. Kinachobaki kuongezwa ni masaa ya watu ambao hawalipwi. Bibi alikuwa ameanza shule ya misheni, alisoma kama miaka miwili hivi, alijua kusoma katekisimu na kuandika jina lake. Kaka yake alikuwa anasoma pia. Mwaka ambao hela haikutosha mmoja ilibidi atolewe, na hakukuwa na kikao cha kuamua ni yupi. Aliniambia bila kinyongo kabisa, hicho ndo kiliniuma, alisema "kaka alikuwa na kichwa". Mimi niliwafahamu wote wawili uzeeni na nasema bila kuogopa mtu, kichwa kilikuwa cha bibi. Aliweza kukwambia mti upi ulitoa debe ngapi mwaka gani. Kaka yake akawa mwalimu, wanawe wakasoma, wajukuu wako mpaka ulaya. Kahawa ikasomesha watoto, ni kweli, na hakuna atakayenibishia kwamba Kilimanjaro ilipata shule nyingi mapema kwa sababu ya misheni na kahawa kwa pamoja. Swali langu ni watoto gani, na ada yao ilitoka mgongoni kwa nani.

Mtu anaweza kusema haya yamepita, waache wazee wapumzike. Hayajapita. Mgao uliofuata jina kwenye kadi ulikuja kuandikwa sheria. Baada ya uhuru serikali ilikusanya mila za urithi, likatoka tangazo la sheria za mila la 1963, na humo warithi wakapangwa kwa madaraja matatu, mtoto wa kiume mkubwa juu, wa kiume wengine kati, mabinti chini. Mwaka 1990 Mahakama Kuu kule Mwanza ilimpa haki Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyerithi shamba na kuliuza na mpwa wake akaja juu kwamba mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo, jaji akasema ubaguzi huo hauendani na katiba. Sheria za ardhi za 1999 nazo zinasema mwanamke ana haki sawa ya kumiliki. Angalia lakini kesi ile ilitokea wapi, Muleba, upande wa Bukoba mkoani Kagera, sehemu nyingine ya migomba na kahawa. Sidhani kama ni bahati mbaya. Palipo na zao la kudumu ndo ardhi inang'ang'aniwa kwa karne, na mabishano ya 1930 yanakuja kuamuliwa na wajukuu mahakamani.

Afu cha ajabu, kahawa yenyewe imekufa kwenye vihamba vingi. Watu wameng'oa, wamepanda parachichi, wengine wamejenga nyumba za kupangisha. Zao limeondoka, mgao wake umebaki vilevile kama ulivyokuwa. Kwenye familia yangu mwenyewe tumegombania kipande ambacho hakina hata mti mmoja wa kahawa, na hoja zilizotolewa mle kikaoni zote zilikuwa za kahawa, nani babu alimwandikisha, nani alionyeshwa mpaka. Shangazi yangu aliyemuuguza bibi miaka sita alikaa kwenye kile kikao akimimina chai.

Ninachotaka mimi ni kidogo tu, stori isimuliwe na watu wake wote. Waliozaliwa miaka ya 30 sasa wamekaribia au wamepita miaka tisini, kila mwezi tunawazika, na tukiwahoji tunawauliza kuhusu mangi na padri na chama. Muulize mama mzee wa kwenu alikuwa anakata majani wapi, mzigo aliupumzisha kwenye jiwe gani njiani (kila njia ilikuwa na mawe yake ya kupumzikia na yana majina), nani alikaa na jamvi la kahawa, nani alitolewa shule mwaka gani. Andika na majina.

Mwaka 1998 bibi aliomba tumpeleke kwao alikozaliwa, alikuwa hajafika miaka mingi kwa sababu ya miguu. Tulienda na gari la kukodi mpaka barabara ilipoishia, tukamshika huku na huku tukashuka naye taratibu. Nyumba ya zamani haikuwepo. Wenye kihamba walikuwa watoto wa mtoto wa kaka yake, vijana wazuri tu, walitoa viti, walitoa ndizi. Bibi hakukaa. Aliingia kwenye migomba akafika kwenye mstari wa kahawa za zamani, zile zenye mashina manene yameota ukungu mweupe, akaweka mkono kwenye shina moja akasema hili alichimba shimo kaka, hili nilichimba mimi, hili nilichimba mimi, hili mama, akaendelea hivyo mti kwa mti mpaka mwisho wa mstari ambapo kuna isale.

Mtoto mmoja wa pale, wa miaka kumi hivi, alikuwa anatufuata nyuma. Akamvuta baba yake shati akamuuliza, "baba, huyu bibi ni nani?"